Kabla ya Kupiga Windows

Mafundi wetu wa kompyuta wana tiba moja wanayoipenda kuliko zote: "Tupige Windows." Utaisikia Sumbawanga mjini, utaisikia Matai, na ukipeleka mashine kwa kijana mwenye meza yake pale Mwimbi, atakwambia hivyo hata kabla hajaiwasha. Umeme ulikatika katikati ya masasisho, mashine ikagoma kufika kwenye desktopu, viduara vinazunguka tu. Basi, tupige Windows. Jioni inarudi nyepesi kama imetoka dukani. Unalipa, unashukuru, unafika nyumbani, unatafuta picha za msiba wa mama. Hazipo.

Nauliza hivi: huyo fundi amekukosea nini hasa? Ulimpa kompyuta isiyowaka, amekurudishia inayowaka. Kazi uliyomtuma ameifanya. Wengi wetu tunahisi kuna ubaya umetendeka, lakini tukiambiwa tuutaje tunababaika.

Siwezi kulijibu hilo bila ufundi kidogo. Mfumo endeshi ukiharibika, mara nyingi mafaili yako hayajaguswa. Yamelala kwenye diski ileile, ila kile kinachoiamsha mashine ndicho kimevurugika. Fundi mwenye subira anaiwasha kwa flashi yenye mfumo mwingine, Linux kwa mfano, ambao hauhitaji kusimikwa ndani. Diski inafunguka mbele yake kama kabati. Kama imefungwa kwa BitLocker, atahitaji ufunguo wake kwanza. Ananakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha ndipo anaanza kutibu. Diski ikiwa inagongagonga, hathubutu hata kuendesha zile programu za kurekebisha makosa, maana zinaweza kuimalizia, ananakili kwanza. Windows yenyewe ina njia ya kujisimika upya huku ikibakiza mafaili ya mtumiaji, ingawa programu ulizoongeza zitaondoka. Hata aliyefomati kwa haraka diski ya zamani, ile inayozunguka, bado ana matumaini, kwa sababu fomati ya haraka inafuta orodha tu, na yaliyomo yanabaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Shida ni kwamba kupiga Windows ndiko huko kuandika juu yake. Na kwenye diski za SSD matumaini hayo ni madogo zaidi.

Kwa hiyo njia ipo, na gharama yake kubwa ni muda. Hapo ndipo naliona kosa. Fundi alikuwa na hatua mbili mbele yake, moja inayoweza kurudiwa na nyingine isiyorudika, akachagua isiyorudika kwa sababu inamalizika mapema. Mashine ni yako, lakini saa zilizookolewa ni zake.

Atajitetea: "Nilimuuliza kama kuna kitu cha muhimu, akasema hakuna." Utetezi huu una nguvu, siudharau. Lakini nani kati yetu anajua alicho nacho? Mtu akiulizwa ghafla anakumbuka vilivyo juu, vile alivyovifungua wiki hii. Halafu kompyuta za huku kwetu mara nyingi si za mtu mmoja. Ni ya ofisi ya kijiji, ni ya kwaya, ni ya shule, na aliyeibeba kwenye bodaboda ni kijana aliyetumwa tu. "Hakuna" yake ina thamani gani kwa mhasibu aliyeweka hesabu za miaka sita humo? Anayetaka kufanya jambo lisilorudika hawezi kujikinga kwa jibu la mtu asiyejua anachoulizwa. Mzigo wa kuangalia unamwangukia yeye mwenye kisu.

Nchi yetu iliwahi kupiga Windows, tena mara mbili ndani ya miaka michache. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, kazi zao zikahamia kwa mamlaka za mazao na vijiji. Ugonjwa ulikuwepo kweli. Malalamiko ya wizi na uzembe kwenye ushirika hayakuwa ya kutunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vyote viwili vilirudishwa kwa sheria. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alisema katika mahojiano kwamba hatua hizo mbili ni kati ya mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Namheshimu kwa hilo. Ila kilichorudi kilikuwa na jina lilelile na ofisi zenye kibao kipya, wakati mazoea ya watu kuendesha chombo chao wenyewe, nani anaaminika na ufunguo wa ghala, nani anajua deni la nani, hayo hayaandikwi kwenye sheria. Ukiyafuta, sheria haiyarudishi.

Msomaji mkorofi ataniambia: basi tubakize kila kitu, pamoja na virusi? Ana haki ya kuuliza. Kubakiza kila kitu nako ni ugonjwa. Nimeona kompyuta zenye nakala kumi na moja za barua moja. Lakini tazama mkulima wa Ufipa anavyotengeneza tumba. Analipindua udongo pamoja na majani yake, anayafukia ndani ya kichuguu, anaacha yaoze, na mvua za msimu unaofuata anakisambaza na kupanda ulezi kwenye udongo ulioshiba. Majani hayakubaki kama yalivyokuwa, wala hayakutupwa. Na aliyeamua nini kioze ni mwenye shamba, kwa msimu mzima, si mpita njia mwenye haraka.

Kuna jambo moja bado linanisumbua, na sina jibu lililokamilika. Ili fundi ayaokoe mafaili yangu lazima ayafikie. Anayefuta hajui siri zangu. Anayeokoa anaweza kuzijua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kwenye meza ya pembeni ya barabara sheria iko mbali. Nadhani anaweza kunakili folda bila kuzifungua, na mwenye mali anaweza kukaa kitini pembeni yake. Wateja wengi hawakai. Wanaacha mashine, wanaenda sokoni, kisha wanataka heshima.

Na bei. Kunakili diski iliyojaa kunaweza kula nusu siku, na mteja anataka kulipa ileile ya kupiga Windows. Hapo lawama naigawa, maana tunamfundisha fundi haraka halafu tunamlaumu kwa haraka.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mwimbi alikuwa na laptopu iliyogoma namna hiyo. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee, lugha ya nyumbani tupu, majina ya miti na ya vijito, kwenye folda iliyoandikwa "Mpya 2". Yeye mwenyewe alikuwa ameisahau. Fundi aliikuta wakati wa kunakili, akamwita aje aone ukubwa wake, akatoza elfu kumi zaidi kwa muda. Mwalimu alinung'unika, akahesabu noti mara mbili, akalipa, kisha akaomba nakala ya pili kwenye flashi ya binti yake.