Moja kwa Nne

Tangu Januari 2025, raia wa Umoja wa Falme za Kiarabu wanaotaka kuoana hulazimika kupimwa vinasaba. Huko Dubai, posa sasa hupitia maabara: jeni 570 huchunguzwa, na wachumba huambiwa iwapo wote wawili wamebeba kasoro ileile. Wakiwa nayo, uwezekano wa kuzaa mtoto mgonjwa kwa kawaida ni moja kwa nne.

Wengi huielewa hesabu hiyo kama deni. Akizaliwa mmoja mwenye thalasemia, hudhaniwa kuwa watatu wafuatao wameshakombolewa. Sivyo. Kila mimba huanza upya, haina kumbukumbu ya iliyotangulia.

Kwa Waswahili wa Ghuba, wengi wao wakiwa na nasaba za Oman na Zanzibar, jambo hili ni la nyumbani. Binamu nyama ya hamu, walisema wahenga, na ndoa ya mtoto wa ami ilihifadhi mali na jina. Haikuwa upumbavu. Kwa wazazi wasio na udugu, watoto 2 au 3 katika 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa mabinamu wa kwanza idadi hiyo huongezeka takriban maradufu. Walio wengi mno bado huzaliwa wazima.

Zamani maradhi ya mtoto yaliitwa majaliwa, ingawa majirani walimtazama mama peke yake, kana kwamba kasoro inayohitaji pande mbili ilitoka upande mmoja. Leo majibu yamesomwa kabla ya harusi. Je, wakioana hata hivyo, wamemdhulumu mtoto? Wengi watasema ndiyo, lakini mtoto huyo asingekuwapo kabisa lau kila mmoja angeoa au kuolewa kwingine. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit alilieleza fundo hili katika kitabu chake cha mwaka 1984, wala hakulifungua. Hata hivyo, kukosekana kwa mdhulumiwa hakuondoi wajibu. Aliyeijua moja kwa nne hana budi kutafuta ushauri, kuulizia upimaji wa viinitete kabla ya kupandikizwa, kujiandaa kwa damu itakayotiwa kila baada ya wiki chache. Wajibu huo hutazama mbele. Ukigeuzwa kuwa lawama kwa mama anayekesha kando ya kitanda, haumponyi mtu.

Nao Waswahili wanaoishi Dubai kwa ukaazi tu, sharti hilo la raia haliwagusi. Kwao kupima jeni hizo 570 ni hiari, na nani alitamke neno hilo mbele ya wazee siku ya posa, kijana mwenyewe au mjomba wake, bado halijaamuliwa.