Mbwa Huyu ni wa Nani?

Katika vijiji vya Makurunge, wilayani Bagamoyo, kama ilivyo katika vijiji vingi vya nchi yetu, kuna swali liulizwalo mara kwa mara lisipate jibu. Mbwa ameua kuku wa watu, au amemng'ata mtoto aendaye shule, au amelala kando ya njia ya Saadani mguu umevunjika. Watu hukusanyika, na mmoja wao huuliza: "Mbwa huyu ni wa nani?" Hapo kila mtu hunyamaza. Jana mbwa yule alikuwa na bwana wake, alipobweka usiku mwizi akakimbia, na alipowafukuza ngedere na nguruwe mwitu shambani. Leo amekuwa mbwa koko, wala hakuna amjuaye.

Yafaa tulitazame swali hilo kwa macho ya Mkristo, maana si swali la mbwa tu. Mtu ajitwaliaye kiumbe hai kwa faida yake, anawiwa nini na kiumbe hicho? Na anawiwa nini na jirani yake kwa ajili ya kiumbe hicho?

Twajua kwamba wako wasomaji watakaotushangaa. Watasema: Nchi ina wagonjwa wakosao dawa na yatima wakosao karo, je, gazeti la Kanisa halina habari nyingine ila mbwa? Pingamizi hilo ni la haki, na Bagamoyo yenyewe yatukumbusha uzito wake. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misioni yao pale mwaka 1868, waliwapokea watu waliokombolewa utumwani, wakawapa makao, mafundisho na kazi. Walianza na mtu, kwa kuwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na hakuna mnyama awezaye kulinganishwa naye. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha wazi kwamba haistahili kuwatumilia wanyama fedha ambazo zingepasa kwanza kupunguza taabu za watu.

Lakini mahali pale pale Katekisimu yafundisha pia kwamba kuwatesa wanyama bure, au kuwaua pasipo sababu, kwapingana na heshima ya mwanadamu mwenyewe. Mafundisho hayo mawili hayagombani. Mtakatifu Thomas wa Akwino alikwisha kueleza katika karne ya 13 kwamba aliyezoea ukatili kwa mnyama hauoni tena kuwa kitu kigumu kuutenda kwa mtu. Wazazi wanalijua jambo hili bila kusoma vitabu. Mtoto anayeachwa ampige mawe mbwa aliyefungwa kamba anajifunza kwamba mwenye nguvu aweza kumtenda mnyonge apendavyo, mradi mnyonge hana pa kushitaki. Somo hilo halitabaki kwa mbwa. Kesho litamfikia mdogo wake, na baadaye mke wake.

Tena kuna haki. Mbwa hakujileta kwetu. Wanadamu wa zamani sana ndio waliomtoa porini, wakamzoeza moto na makombo yao, hata akawa kiumbe asiyeweza kuishi vema pasipo mtu. Ng'ombe akifunguliwa atapata majani. Mbwa akifukuzwa atapata jalala. Kwa hiyo anayemchukua mtoto wa mbwa na kumleta uani amefunga naye namna ya mapatano, ingawa upande mmoja hauwezi kusema. Mbwa hutimiza sehemu yake usiku kucha. Chakula, maji, kivuli na dawa ya kupe na upele ni sehemu yetu. Sheria ya nchi nayo, yaani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, yakataza ukatili na yamdai mwenye mnyama amtunze.

Maandiko Matakatifu hayanyamazi. Kitabu cha Mithali chamhesabu mwenye haki kuwa ni yule aangaliaye uhai wa mnyama wake. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu aliwaamuru Waisraeli kumrudisha ng'ombe au punda aliyepotea, hata kama ni wa adui. Kijana Tobia aliposafiri pamoja na malaika Rafaeli, mbwa alikwenda nao, na waliporudi alirudi nao. Na katika mfano wa Lazaro maskini, tajiri hakutoka nje ya nyumba yake. Waliomkaribia Lazaro mlangoni walikuwa mbwa.

Lakini jambo zito kuliko yote ni uhai wa jirani. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao, dalili zake zikishaonekana kwa mtu, huishia karibu daima katika kifo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka ulimwenguni, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaokufa, wapatao 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Kwa Tanzania, wataalamu walikadiria mwaka 2002 vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Anayeng'atwa ni mtoto wa mkulima au wa mfugaji, aendaye shule kwa miguu. Hana budi kuoshwa jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha kupelekwa hospitali bila kungoja, achomwe sindano zaidi ya moja kwa siku zilizopangwa. Nauli na gharama hizo humkuta baba akiwa hana kitu. Hapo basi twaona kwamba anayemtunza mbwa wake hamnyimi maskini haki yake. Anamlinda mtoto wa maskini.

Wengine husema dawa ni moja: wauawe mbwa koko wote kwa risasi au kwa sumu. Kisiwani Flores, nchini Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwaka 1997, mbwa waliuawa kwa maelfu mengi sana, na kichaa hakikukoma. Sababu yake si ngumu kuielewa. Wanauawa waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na pengo lao hujazwa upesi na watoto wa mbwa wasio na kinga. Karibu na kwetu, kisiwani Pemba, ilifuatwa njia nyingine. Tangu mwaka 2010 mbwa walichanjwa kwa kampeni za kisiwa kizima, na ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje, mbwa wakachanjwa tena kisiwa kizima, na kufika mwaka 2018 ukawa umeondolewa. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia. Hesabu hiyo haifikiwi kwa nguvu za serikali peke yake. Yahitaji kila mwenye mbwa amfunge kamba na kumpeleka kwa bwana mifugo siku ya chanjo.

Hapa ndipo swali letu linapogeuka. Waliochunguza mbwa wa nchi yetu wameona kwamba wengi wa wale wanaozurura wana nyumba, na wana watu wawapao chakula walau kidogo. Tunaowaita mbwa wasio na wenyewe, wengi wao wana wenyewe waliokana. Hawakukosa mtu wa kuwatumia. Walikosa mtu wa kuwajibika.

Na ukanaji huo una sura nyingi. Yuko anayehamishwa kazi, akapakia vitanda na sufuria, na kumwacha mbwa ameketi mlangoni. Yuko aliyezalisha watoto wa mbwa sita asiowataka, akawatia katika gunia na kuwatupa mbali na kwake. Yuko mtu wa mjini aliyenunua shamba pande za Bagamoyo, akaweka mlinzi na mbwa wawili. Mshahara wa mlinzi huchelewa, na posho ya mbwa haipo kabisa, basi yule mlinzi hugawana nao ugali wake mkavu. Bwana huyo amewadhulumu watatu, na dhuluma iliyo kubwa ni ile ya mlinzi. Lakini tazameni jinsi dhuluma hizo zilivyotoka katika moyo mmoja.

Sisi wa pwani tuna wajibu mwingine tena. Jirani zetu wengi ni Waislamu, na kwa dini yao mate ya mbwa ni najisi. Chombo alicholamba mbwa hakitumiki mpaka kioshwe kwa taratibu walizofundishwa. Mkristo amwachaye mbwa wake aingie ua wa jirani usiku na kulamba vyombo amemkosea jirani katika ibada yake. Asijitetee kwa kusema kwamba yeye haoni ubaya. Upendo huuliza jirani anaumia wapi. Wala tusidhani kwamba jirani huyo hana huruma. Katika mapokeo ya Kiislamu imo habari mashuhuri ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa sababu alimnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mahali hapo sisi na wao twaweza kusimama pamoja.

Tusemeje basi juu ya wale wenye moyo wa kumwokota mbwa aliyetupwa? Twawasifu. Nairobi na Arusha ziko nyumba zinazowapokea mbwa wa namna hiyo, kuwatibu, kuwachanja, kuwafunga uzazi na kuwatafutia familia. Lakini huruma sharti iandamane na akili. Bwana wetu alimtaja mjenzi wa mnara ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Anayeokota mbwa kumi na kushindwa kuwalisha amewahamisha tu njaa yao kutoka njiani kuwaleta uani. Tena mbwa aliyeteswa huuma kwa hofu. Asiachwe na watoto wadogo siku ya kwanza, bali atengwe, aonwe na bwana mifugo, achanjwe, na kuzoezwa kwa upole. Afadhali familia imtunze mmoja vizuri kuliko kukusanya wengi kwa sifa.

Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na siku sita baadaye, tarehe 4 Oktoba, twaadhimisha Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyewaona viumbe vyote kuwa kazi ya Baba mmoja. Ingekuwa jambo jema kama katika juma hilo kila jumuiya ndogo ndogo ingeuliza nyumba kwa nyumba: Ni mbwa wangapi wamo humu? Wamechanjwa? Usiku wanalala wapi? Na wazazi, kabla hamjamkubalia mtoto aliyeleta kitoto cha mbwa mikononi, mwambieni kwanza kitakachomdai kila siku, kwa miaka kumi au zaidi. Akikubali, msimwachie kazi hiyo yeye peke yake.

Mwenyezi Mungu alimkabidhi mtu wanyama awatawale, na mtawala mwema hujulikana kwa jinsi anavyowatendea wale wasioweza kumlipa wala kumshitaki. Basi, litakapoulizwa tena lile swali njiani, awepo Mkristo wa kujitokeza mbele ya watu na kusema: Ni wangu, kama amekosa nitalipa, na kama ameumia nitamtibu.