Kamba Ikae Mkononi mwa Nani?

Baba mdogo anajenga mashua uani kwake, Moshi mjini, ambako bahari ni ya kuhadithiwa. Ikikamilika ataipeleka kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Jumamosi tulibishana: reli ya demani, ile kamba ya kulikaza na kulilegeza tanga, ifungwe wapi?

Mimi nilitaka iwe juu ya paa la kibanda, abiria wakae kwa nafasi. Yeye aliitaka mbele ya mshika usukani, hata kama watu watagonga magoti. Alisema kamba ikisogezwa karibu na mlingoti huwa nzito kuvuta. Kisha akaongeza: "Upepo ukija ghafla, mwanangu, ile sekunde ya kuifuata kamba ndiyo inayopindua chombo."

Nikakubali.

Jumapili nilipanda Old Moshi kwenye kikao cha mfongo wetu. Mifongo ni mifereji ambayo wazee wetu Wachagga waliichimba kuyatoa maji mitoni hadi vihambani, kwenye migomba na kahawa. Lango la kugawia maji limebomoka, na wengine walipendekeza lijengwe upya ndani ya kihamba chetu, kwa kuwa sisi ndio wa juu. Nilisimama nikiwa na hoja ya baba mdogo mdomoni: likiwa karibu nasi, tutalifunga haraka mvua kubwa ikishuka.

Hoja ikanikwama kooni. Mshika usukani akikosea, analowa pamoja na abiria wake. Mimi nikilifunga lango usiku, ndizi zangu zitastawi. Wa chini ndiye atakayeamka akute mfereji mkavu, na sitaisikia hata ndoo yake ikigonga mawe.

Nadhani hapo ndipo penye tofauti. Kuwa na kamba mkononi si kosa. La kuuliza ni hili: ikikatika, nani anaumia? Kama ni mimi pia, niachieni. Kama ni wengine tu, basi ukaribu wangu si usalama, ni upendeleo uliovaa kofia ya uwajibikaji.

Niliomba lango lijengwe njiani, kila apitaye alione. Wakakubali. Kaka yangu hajanisemesha tangu siku hiyo. Anasema nimegawa mali ya babu. Kiangazi kikifika, migomba ikianza kulegea, huenda nikamwona ana haki. Lakini lango litakuwa njiani.