UMEFICHA NINI HEMANI MWAKO?

Kijana rafiki yangu,

Karatasi hii haikukufikia kwa bahati tu. Huenda ulikuja mkutanoni kusikiliza vyombo, huenda ulikuwa unapita njia ukielekea stendi. Hebu subiri kidogo. Nina swali moja: una kitu gani ambacho huwezi kumwambia mama yako ulikipataje?

ALIYEZIKA JOHO

Zamani Waisraeli waliuteka mji wa Yeriko. Mungu alikuwa amewakataza mtu yeyote asijichukulie nyara. Lakini mmoja wao, Akani, akaona joho zuri la kigeni, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50. Tamaa ikamshika. Akavibeba, akavifukia ardhini ndani ya hema lake (Yoshua 7).

Sasa fikiri, kijana. Joho lile Akani hakulivaa hata siku moja! Angelivaa wapi wenzake wasimwulize? Fedha ile hakununulia hata mkate. Akawa analala juu ya mali kama mlinzi asiyelipwa mshahara. Huko vitani, kwenye mji wa Ai, watu 36 wakafa kwa ajili ya dhambi yake, na mwisho naye akafa.

Ndivyo tamaa ilivyo. Inakuahidi joho, inakuachia shimo.

NAMI NILIKUWA AKANI

Usidhani nakuhubiria kwa sababu mimi ni mwema. Nilikuwa nauza kwenye duka la mjomba wangu. Nilianza kwa kuchomoa elfu mbili kwenye droo, nikabeti. Nikajiambia, mkeka ukitiki narudisha. Siku moja ukatiki kweli! Je, nilirudisha? Wapi! Nikachomoa elfu kumi, mkeka ukachanika kwa timu moja. Nikakopa zile pesa za kausha damu ili kuziba pengo, ikawa kila jioni nadaiwa.

Mjomba alipoona hesabu hazikai sawa, akadhani kuna mwizi wa nje. Akanunua kufuli jipya, na ufunguo akanipa mimi. Usiku ule sikupata usingizi.

Wala usifikiri tamaa ni ya wacheza kamari peke yao. Mwaka 2009 hapa Tanzania ulivuma mchezo wa DECI. Watu walikuwa "wanapanda" pesa wakingoja "kuvuna" nyingi zaidi. Shamba halikuwepo: pesa ya aliyeingia leo ndiyo aliyolipwa wa jana. Mchezo uliposimamishwa, wengi walipoteza akiba zao, na watu wa makanisani walikuwemo. Ndugu yangu, kuitwa Mlokole peke yake hakumwondolei mtu tamaa. Ni lazima moyo ubadilishwe!

ALIYESHUKA MTINI

Miaka mingi baada ya Akani, Yesu alipita katika Yeriko. Humo alikuwemo Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, tajiri wa pesa za dhuluma. Akapanda mkuyu ili amwone Yesu. Tajiri mzima anapanda mti kama mtoto! Kwa nini? Pesa zilikuwa zimejaa, lakini moyo ulikuwa na njaa.

Yesu akamwita kwa jina lake, akaenda kukaa nyumbani kwake. Angalia vizuri: hakumwambia, "Lipa kwanza ndipo nije." Aliingia kwanza. Yesu alipoingia, mali ikalegea mikononi mwa Zakayo. Nusu akaahidi kuwapa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne (Luka 19:1-10). Yeriko ni ileile, lakini Akani alificha na Zakayo akatoa!

KURIDHIKA SI UVIVU

Wengine husema, "Nikiokoka nitakuwa maskini." Usidanganyike. Biblia inamtaka aliyekuwa mwizi afanye kazi kwa mikono yake, apate na cha kumpa mhitaji (Waefeso 4:28). Na Paulo alikuwa kifungoni alipoandika kwamba amejifunza kuridhika katika hali yoyote (Wafilipi 4:11). Amejifunza, maana yake hakuzaliwa nako. Hata wewe utajifunza. Siri yake ni hii: Mungu ameahidi kwamba hatakuacha (Waebrania 13:5). Mwenye Baba hahangaiki kama yatima.

Mimi nilipompokea Yesu, nilimwendea mjomba nikamweleza yote. Hakunikumbatia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akanyoosha mkono akachukua ufunguo wake. Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi 14, nikibeba mizigo sokoni. Mfukoni sikuwa na kitu, lakini usiku nililala!

NA WEWE JE?

Usiseme kesho. Kama unataka Yesu aingie kwako leo, omba hivi kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimetamani visivyo vyangu, nimeficha, nimedanganya. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Ingia kwangu kama ulivyoingia kwa Zakayo. Nipe nguvu ya kurudisha nilichochukua, na moyo unaotosheka na wewe. Amina."

Kama umeomba kwa imani, umeokoka! Usiondoke kimya kimya. Njoo mbele ya jukwaa tuombe pamoja, na Jumapili nenda kanisa la karibu linalohubiri wokovu. Kisha mwendee yule unayemkwepa. Anza na kiasi ulicho nacho.

Yesu anakupenda!