Nani Kasema Mungu Hakumjalia?

"Mungu hakumjalia." Hivyo ndivyo tunavyosema hapa Tanga mtoto akifika darasa la tatu hajui kusoma. Mama husema kwa huzuni, jirani kwa huruma, na sisi walimu tunasema ofisini huku tukisahihisha madaftari. Maneno hayo yanasikika kama ya mcha Mungu, ya mtu aliyeridhia kudra. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya mwanzo, na ni Mwislamu, na kwa sababu zote mbili nasema hayafai. Tunamsingizia Mungu kazi ambayo tumeiacha sisi.

Sikatai kwamba vipaji vinatofautiana. Yupo aliyejaliwa sauti ya kaswida, yupo aliyejaliwa mkono wa useremala. Lakini kusoma na kuandika hakungoji kipaji. Ni jambo la kufundishwa, na karibu kila mtoto hulipata akifundishwa kwa njia inayomfaa. Mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yalipunguzwa ili muda mwingi uende kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kilichobadilishwa hapo ni ufundishaji. Watoto walibaki walewale.

Namfikiria mtoto mmoja wa darasani kwangu. Darasa likisoma kwa pamoja, kidole chake kiko kwenye mstari lakini macho yako mdomoni kwa jirani yake, na sauti yake inatoka nyuma kidogo ya wenzake. Ukimsimamisha peke yake, kimya. Kwenye daftari "dada" ameandika "baba", na "baba" ameandika "daba". Katika chumba chenye watoto zaidi ya 90, anaweza kupita hivyo mwaka mzima asijulikane. Mtoto huyohuyo, alasiri akiwa chuoni kwa ustadhi, anaisoma Suratul Mulk kwa moyo mwanzo mpaka mwisho, na ameipata kwa kusikiliza tu. Asubuhi na mapema anapita mitaani na ndoo ya maandazi ya mama yake, na chenji anairudisha sawasawa.

Shule ilimwona mzito, chuo kilimwona hodari, nyumbani alikuwa mtoto wa kazi. Kila upande ulikuwa na kipande cha habari zake, na hakuna upande uliomuuliza mwenzake. Mimi nilijua kwamba b na d zinamchanganya. Ustadhi alijua kwamba sikio lake ni kali. Mama alijua kwamba akilikodolea macho daftari usiku analalamika kuumwa kichwa. Mtoto wa kusaidiwa alikuwepo na wa kumsaidia tulikuwepo. Kilichokosekana ni sisi kukaa pamoja.

Hapo ndipo swali la dini linapoingia. Mtoto akishindwa, nani ataulizwa?

Mtaani kwetu mtu akifariki, hakuna anayebishana kazi ni ya nani. Tangazo linatoka msikitini. Wa kuosha wanajulikana, wa kuchimba wanashika majembe, mwingine anafuata sanda, kina mama wanaingia jikoni, na mpita njia anatia bega kwenye jeneza japo hamjui marehemu. Masheikh wanatufundisha kwamba hii ni fardhi kifaya: wakiitimiza baadhi, wengine wamesalimika, ikiachwa, dhambi ni ya wote. Na Imam Ghazali, katika Ihya Ulumiddin, aliziweka tiba na hesabu katika fungu hilohilo la fardhi kifaya. Basi kama elimu inayouendesha mji ni wajibu wa mji, mtoto anayekwama mlangoni mwa elimu hiyo ni deni la mji mzima. Ila fardhi hii ina hatari yake. Msiba unajulikana mtaa mzima kabla ya jua kuchwa. Mtoto asiyejua kusoma anajificha ndani ya sauti za wenzake, na kila mkubwa anadhani mwingine keshamshughulikia.

Waislamu na Wakristo tunasoma sote habari za Nabii Musa, aliyekuwa na ulimi mzito. Alipotumwa kwa Firauni hakuuficha udhaifu wake. Katika sura ya Twaha anaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na papo hapo anaomba msaidizi kutoka katika jamaa zake, Haruni nduguye. Akakubaliwa ombi lake. Katika kitabu cha Kutoka pia, Haruni anawekwa awe msemaji wake. Musa hakuambiwa kwamba uzito wa ulimi ndiyo kudra yake, basi akae. Wala kazi haikuhamishiwa kwa mtu mwenye ulimi mwepesi. Aliwekewa ndugu ubavuni, na kazi ikabaki yake.

Kwa mtoto wetu Haruni alikuwepo nyumba ileile: binamu yake wa darasa la sita. Tulikaa uani kwa mama, mimi na ustadhi, tukagawana. Mama alimpeleka kupimwa macho. Yakaonekana mazima, tukajua tatizo liko kwenye herufi. Ndoo ya maandazi ilichukuliwa na mjomba siku za shule. Kwa kuwa sikio lake ndilo lenye nguvu, nilianzia kwenye sauti: nataja neno, analikata silabi kwa makofi, ndipo namwonyesha kadi. Herufi b tuliishika mpaka ikakaa, ndipo d ikaingia. Jioni, kabla ya Maghribi, binamu anamsikiliza akisoma mistari michache, bila kumcheka. Leo anasoma polepole, lakini anachosoma ni kile kilichoandikwa.

Mtu atasema: mwalimu mmoja na watoto 90 hawezi kumfanyia kila mmoja hivyo. Kweli kabisa. Elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016 watoto walimiminika shuleni, na hilo ni jambo la heri, lakini madawati na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Ndiyo maana nasema mzigo huu usiachiwe mwalimu wala mama peke yake. Zipo njia za kuupanga. Shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai miaka ya 1990, limeeneza utaratibu wa kutenga muda kila siku ambapo watoto wanakaa kwa kiwango chao cha kusoma, si kwa darasa lao. Wa herufi pamoja, wa maneno pamoja, wa hadithi pamoja. Hauhitaji jengo jipya. Unahitaji shule nzima ikubaliane.

Unahitaji pia tuangalie tunamgeukia nani. Sura ya Abasa ilishuka pale Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutafuta elimu, alipokatiza mazungumzo ya Mtume na wakubwa wa Makureshi. Mungu alimkumbusha Mtume wake, rehema na amani zimshukie, kumjali yule aliyekuja kwa hamu. Baadaye kipofu huyo alikuwa mwadhini Madina pamoja na Bilali. Shule zetu kwa miaka mingi ziliwageukia watoto wa kupandisha nafasi ya shule, wagumu wakawekwa nyuma. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora, nami nilifurahia uamuzi huo. Sasa na sisi tuache kuzipanga nyuso za watoto vichwani mwetu.

Kikao kijacho cha wazazi, kabla ya kusoma matokeo na michango, kamati ya shule itaje idadi ya wasiojua kusoma katika kila darasa. Majina yasitajwe hadharani. Kisha kwa kila mtoto wapangwe watu watatu, mmoja shuleni, mmoja nyumbani, mmoja mtaani au chuoni au kanisani, wakutane kila mwezi waambiane walichokiona. Tukishafanya hayo yote na mtoto akabaki na ugumu wake, hapo ndipo tulitaje jina la Mungu, na tulitaje kwa kumwombea dua, si kwa kumhukumu.