Mwanachuo na Mwanachuoni

Mwanachuo ni mtu aliyesajiliwa: ana kitambulisho, ana mkopo, ana namba ya mtihani. Mwanachuoni ni mtu ambaye elimu imemkolea. Wazee wetu waliita kitabu chuo, na aliyekesha nacho wakampa jina hilo la heshima. Silabi moja tu inayatenga maneno haya, nayo ndiyo kiini cha mgogoro wa vyuo vikuu vyetu.

Tuitazame Makerere, chuo kikuu cha Uganda, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikaja kulea wasomi wa Afrika Mashariki nzima. Miaka ya vita na ukata iliiacha hoi. Kuanzia mwaka 1992 ikawafungulia milango wanafunzi wa kujilipia. Fedha ziliingia, chuo kikasimama tena. Lakini msomi Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alionyesha gharama yake: vitivo viligombania wateja, vingine vikauza kozi zilizo nje ya taaluma yao. Hapo ndipo linapozuka swali zito: ukikiokoa kitu kwa kukiondolea kile kinachokifanya kiwe hicho, umeokoa nini?

Wala si Makerere peke yake. Nenda kwenye duka la stesheneri karibu na chuo kikuu nchini Tanzania wiki ya mitihani. Mashine ya fotokopi inaunguruma, wanafunzi wamepanga foleni kununua madesa: maelezo yaleyale ya mhadhiri, yaliyorudufiwa mwaka hadi mwaka mpaka herufi zimefifia. Simlaumu mwanafunzi. Ukumbi umefurika, vitabu havitoshi, na mtihani unauliza kilichomo kwenye desa. Anayekariri anafaulu, anayehoji anajichelewesha.

Wapo wasemao nchi maskini inahitaji wataalamu haraka, wanachuoni watakuja baadaye. Siafiki. Daktari aliyekariri atatibu ugonjwa uliomo kwenye desa. Ukija usiomo, atafanya nini? Nchi maskini ndiyo isiyomudu kukosea.

Mageuzi basi yaanzie kwenye karatasi ya mtihani. Mhadhiri atunge swali ambalo desa haliwezi kulijibu; apewe darasa dogo la kulijadili, na mshahara wa kumwezesha kukaa akasoma badala ya kukimbizana na vipindi vya vyuo vitatu. Hayo yana gharama, na serikali zetu hazina budi kuibeba.

Nawe msomaji, mwanao akirudi likizo, usimwulize alama peke yake. Mwulize ni swali gani linalomkosesha usingizi. Akikosa la kujibu, ujue umemsomesha mwanachuo, mwanachuoni bado.