Umeme wa Bahari na Chura wa Kihansi



Vijana wenzangu, yakianza mazungumzo ya nishati siku hizi, hakosi mtu wa kusema jibu liko baharini. Maji yanajaa na kupwa kila siku, hayaombi dizeli, hayatoi moshi. Ufaransa wanazalisha umeme kwa njia hiyo kwenye mlango wa mto Rance tangu 1966, megawati 240. Na sisi pwani tunayo, Tanga hadi Mtwara. Basi si tuchukue tu?

Sisi wa Mbeya na Iringa, wengi wetu bahari tunaiona kwenye simu. Lakini swali lenyewe tunalo huku huku milimani: je, umeme usio na moshi hauna anayeulipia?

Tuangalie Kihansi, mto unaoporomoka mpakani mwa Iringa na Morogoro. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme unaandaliwa, wataalamu walikuta pale chura mdogo wa njano. Hazidi sentimita 3, hatagi mayai bali anazaa, na hajawahi kuonekana porini mahali pengine duniani. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, maji mengi yakapitishwa kwenye handaki na manyunyu yakapungua mno. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Kuna atakayeuliza: chura na mama anayejifungua gizani kwenye zahanati, nani muhimu? Ni swali la haki, tusilikwepe. Mama ni muhimu zaidi. Kanisa halina kigugumizi hapo. Ila tukiishia hapo tumejibu nusu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinasema mtu aliwekwa bustanini ailime na aitunze. Kazi mbili, siyo moja. Na ukubwa wetu juu ya chura ni upi? Nguvu? Hata mafuriko yana nguvu. Ukubwa wetu ni kuweza kumhesabu asiyeweza kujisemea, na kumbakizia.

Kihansi waliweza. Vyura karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani, wakatunzwa na kuzaliana. Bondeni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurudishwa. Taa hazikuzimwa. Kumbe mama na chura hawakuwa maadui. Kilichokosekana ni kuhesabu mapema. Hata kule Rance, wakati wa ujenzi bahari ilizuiwa, viumbe wengi wakafa, na uhai ulichukua miaka kurudi.

Na anayesahaulika siyo chura tu. Maji ya Usangu, Mbeya, yanapita Iringa, yanazungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, yanaingia Rufiji hadi Bahari ya Hindi. Anayefungulia mfereji wa shamba usiku kucha bila kazi, anamnyima mtu wa chini asiyemjua. Jirani yako anaweza kuwa mvuvi wa kamba kwenye delta.

Kwa hiyo siku mitambo ikifika baharini, tushangilie, lakini tuulize kwanza: nani anaishi hapo, na tumembakizia nini? Wiki hii anza na bomba la nyumbani.

Ee Mungu, Muumba wetu, utufundishe kutumia bila kumaliza. Amina.